Bayana ni juu ya Mwenye Kudai

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu masikio, macho na moyo, kisha akamjulisha kuwa ataulizwa juu ya vyote hivyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa zetu za hapa Mombasa ya bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, limekuwa likirudi swali moja kwa sura mbalimbali. Mtu akiletewa habari ambayo mtaa mzima umekwisha ikubali, naye akasema, "Mimi siipokei mpaka niione dalili yake," je, mtu huyo ni mpungufu wa imani? Je, ni mwenye kiburi, ajionaye kuwa na akili kuliko wazee wake? Au ametenda lililompasa?

Jawabu yetu ni kwamba ametenda lililompasa, ila kwa masharti tutakayoyataja. Tena twasema zaidi ya hayo: yule aliyeipokea habari bila ya kuuliza, kisha akaipeleka kwa mwenziwe, ndiye mwenye deni la kujibu.

Shaka ni mbili

Shaka si ya namna moja. Iko shaka ya mtu asiyetaka kuijua haki. Kila aletewapo dalili huikimbia akataka nyingine, na hata akioneshwa jua la saa sita atauliza taa iko wapi. Na iko shaka ya mtu aipendaye haki hata akachelea kuichanganya na uongo. Ile ya kwanza ni maradhi, na hii ya pili ni amana. Wanavyuoni wameiita hii ya pili tathabbut, yaani kuhakikisha kabla ya kunena na kabla ya kutenda.

Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, Waislamu wameamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Tazameni vizuri sababu iliyotajwa. Jambo linaloogopewa hapo si aibu ya kudanganywa, bali ni madhara yatakayowafika watu wengine. Habari isiyohakikishwa mara nyingi humwangukia mtu asiyekuwapo barazani kujitetea.

Wanavyuoni wa hadithi waliifahamu amri hii wakaifanyia kazi. Walimwuliza kila mpokezi: umesikia kwa nani? Ulikutana naye wapi na mwaka gani? Je, hifadhi yake ilikuwa imara au ilikuwa imepungua kwa uzee? Huenda wakamsifu mtu kwa sala yake na saumu yake, na papo hapo wasiipokee hadithi yake kwa kuwa alikuwa mwingi wa kusahau. Hawakuona kuwa kufanya hivyo ni kumvunjia heshima. Basi ikiwa maneno yaliyonasibishwa kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.) yalipimwa kwa mizani hiyo, ni maneno gani ya mtaani yatakayosamehewa mizani?

Na tuna mfano ulio mkubwa kuliko huo. Alipofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, jua lilipatwa siku hiyo. Na wanafalaki wa leo wamehesabu wakakuta kuwa lilipatwa tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema kwamba jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Fikirini, ndugu zetu: hilo lilikuwa neno la kumtukuza Mtume na mwanawe. Hakuna adui aliyelisema. Lilisemwa na watu waliompenda. Naye alikuwa baba mwenye huzuni, na lau angalinyamaza tu lingalienea na kuwa hoja ya utume wake mpaka leo. Hakunyamaza. Aliwafahamisha watu kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu.

Mafunzo makubwa yamo humo. Kuukataa uongo unaotudhuru ni jambo jepesi, kila mtu huliweza. Mizani ya mtu mkweli huonekana pale anapoukataa uongo unaomfaa.

Mbuzi na mzee

Katika fiqhi pana kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi, nayo ni kwamba mwenye kudai ndiye aletaye bayana, na mwenye kukanusha hatakiwi zaidi ya kiapo. Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya makadhi peke yao. Ni kanuni ya akili iliyo sawa, na ajabu ni kuwa sote twaifuata katika mambo madogo tukaiacha katika makubwa.

Mtu akija Kisauni akamshika mbuzi wa jirani na kusema, "Huyu ni wangu," wazee wa mtaa watakaa kitako. Watauliza: alama yake ni ipi? Ulimnunua kwa nani? Nani alikuwapo? Alipotea lini? Na mdai akishindwa kuleta mashahidi ataambiwa aende zake, wala hakuna atakayemwambia mwenye mbuzi, "Thibitisha wewe kuwa si wake."

Sasa mtu huyo huyo na aje na dai jingine. Na aseme: "Mtoto wangu amekufa, na yule mzee akaaye peke yake nyuma ya minazi ndiye aliyemroga." Hapo hakuna aulizaye alama. Hakuna aulizaye nani aliona. Mmoja atasema macho ya mzee huyo ni mekundu. Wa pili atasema kuwa tangu zamani hamwelewi. Wa tatu atasema mganga amekwisha kuona. Basi kwa mbuzi tulitaka mashahidi wawili, na kwa roho ya binadamu hatukutaka hata mmoja!

Haya si maneno ya mfano tu. Kaskazini yetu, katika kaunti ya Kilifi, wazee wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa mapanga na wengine kwa kuchomewa nyumba zao. Na huko Kaya Godoma, katika Ganze, pamewekwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia kuuawa na watu wao wenyewe. Na waliolichunguza jambo hili wamekuta mara nyingi kuwa nyuma ya uchawi palikuwa na shamba. Mzee ndiye mwenye ardhi, vijana wataka kuiuza au kuigawa, mzee hakubali, kisha kwa ghafula mzee amekuwa mchawi. Mvi zilizokuwa heshima zimekuwa ushahidi wa kumwulia.

Sharia imetaka mashahidi wanne kwa mtu amtuhumuye mwenziwe zinaa, na asipowaleta ni yeye aadhibiwaye. Hayo ni kwa kuilinda heshima ya mtu. Je, yafaa tuseme kwamba uhai wake una thamani ndogo kuliko heshima yake?

Barua isiyozeeka

Tuje sasa katika habari zipitazo mikononi mwetu kila siku, nasi tuchague moja iliyo kongwe.

Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya kwisha Vita vya Maji Maji, ilienea barua Lindi na katika miji mingine ya pwani iliyokuwa chini ya Wajerumani. Ilisemwa kuwa imetoka kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyemwona Mtume usingizini akaambiwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia na kwamba watu watubu. Watu waliingiwa na khofu, na serikali ya Kijerumani nayo ikaingiwa na khofu yake, ikadhani kuwa ni mwito wa vita vingine.

Barua hiyo, ndugu zetu, haijafa mpaka leo. Imenakiliwa kwa mkono, ikapigwa taipu, ikatolewa fotokopi na kugawiwa milangoni mwa misikiti, na sasa hufika katika simu kabla ya alfajiri. Jina ni lile lile la Sheikh Ahmad. Ndoto ni ile ile. Mwisho wake ni ule ule: aipelekaye kwa watu kadha wa kadha atapata kheri kwa siku chache, na aizuiaye atafikwa na msiba, fulani aliipuuza akafiliwa na mwanawe, fulani aliieneza akatajirika.

Wanavyuoni wameikanusha zamani. Sayyid Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar huko Misri, aliipinga, naye Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliandika risala mbali ya kuivunja. Na katika hoja za Sheikh Ibn Baz iko moja iliyo nyepesi sana, nayo ni kuwa aliwauliza jamaa za huyo Sheikh Ahmad, wakamwambia kuwa amezuliwa, hakuyasema kabisa. Yaani alifanya lile ambalo maelfu kwa maelfu ya waliozieneza nakala hawakulifanya: alikwenda kuuliza.

Lakini hata asiyeweza kufika Madina angaliweza kuipima barua hiyo akiwa amekaa Mtongwe au Bamburi. Angalijiuliza: ni nani aliyeisikia kwa Sheikh Ahmad mwenyewe? Hatajwi hata mmoja. Vipi mtu mmoja awe mtumishi wa kaburi kwa zaidi ya miaka mia, na kila kizazi asemwe kuwa ameota juzi? Dunia iliyokuwa ikaribie kwisha 1908, mbona bado tunailipia kodi ya nyumba? Na tangu lini dini iliyokamilika imeongezewa sharti la kunakili barua, na asiyenakili aadhibiwe? Tena zile habari za aliyetajirika na aliyefiliwa: nani amewahesabu walioieneza wakabaki maskini, na walioitupa wakaishi na watoto wao salama? Hao ndio wengi, lakini hawaandikwi barua.

Mtu atasema: "Ubaya wake uko wapi? Si yawakumbusha watu toba?" Twamjibu: toba ina aya zake na hadithi zake sahihi, haihitaji kukopa uongo. Na kumzulia Mtume neno ni dhambi kubwa hata likiwa neno zuri. Kisha yule mama aliyelala na khofu kwa kuwa hakuwa na simu ya kuipeleka, khofu yake italipwa na nani?

Aliyepona husema, na aliyekufa hasemi

Mwaka 2011 watu wa Afrika Mashariki waliacha kazi zao wakaelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, katika Tanzania. Huko alikuwako kasisi mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyesema kuwa ameoteshwa dawa ya mizizi, na kwamba kikombe kimoja chaponya ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga safu ya kilomita nyingi. Walikwenda maskini na mawaziri, Wakristo na Waislamu. Na wengi walitoka hapa kwetu Kenya. Wagonjwa wengine walifia njiani na katika foleni, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakidhani hawazihitaji tena. Mwasapila mwenyewe alifariki 2021. Na ukimwi, kisukari na saratani bado vingalipo.

Asije mmoja wetu akacheka kuwa yule alikuwa kasisi. Hoja zilizowapeleka watu Samunge ndizo zile zile zitumiwazo na waganga wetu wanaoweka tasbihi mezani.

Hoja ya kwanza ilikuwa: "Fulani alikunywa akapona." Hoja hii ina kasoro mbili. Maradhi mengi hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huiendea dawa siku aliyozidiwa. Basi akipata nafuu baadaye huisifu dawa, na huenda nafuu ingalikuja bila ya kitu. Tena aliyepona hurudi mtaani akasimulia, na aliyekufa hasimulii. Ukiwasikiliza waliorudi tu, kila dawa duniani ni dawa. Njia ya sawa ni kuwahesabu wote walioinywa, waliopona na wasiopona, kisha kuwalinganisha na wagonjwa mfano wao wasioinywa. Na dawa za hospitali nazo zipimwe vivyo hivyo. Wala koti jeupe si bayana.

Hoja ya pili ilikuwa: "Mzee huyu hataki mali, shilingi 500 tu, adanganye kwa nini?" Sisi hatumtuhumu kuwa alikusudia kudanganya. Lakini wema wa nia hauthibitishi dai. Mtu aweza kuwa mkweli katika kusema aonavyo, na ayaonayo yakawa si kweli. Ndiyo maana wanavyuoni wa hadithi walitazama mambo mawili kwa mpokezi, uadilifu wake na usahihi wa hifadhi yake, wala la kwanza halikutosha bila ya la pili.

Hirizi ya risasi

Ziko imani ambazo gharama yake ni fedha, na ziko ambazo gharama yake ni damu. Katika Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, wapiganaji waliambiwa kuwa dawa waliyopewa itageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dhulma waliyoipinga ilikuwa dhulma ya kweli, lakini maji hayakuzuia risasi hata moja.

Tungalidhani kuwa somo hilo lilitosha. Walakini miaka tisini baadaye, hapa petu Likoni, vijana waliapishwa na kufanyiwa dawa msituni, wakaaminishwa kuwa risasi hazitawapata. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na katika siku zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 100, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao, wengi wao wakiwa majirani waliokuwa wakipeana moto na chumvi. Siasa ya uchaguzi wa mwaka ule ilikuwamo, na manung'uniko ya ardhi na kazi yalikuwamo, nayo hayakuwa ya bure. Lakini kijana anayejua kuwa risasi humwua hufikiri mara mbili kabla ya kushika panga. Na anayeaminishwa kuwa haimwui, akili yake imekwisha nyang'anywa na mtu mwingine aitumie apendavyo. Ni nani kati ya wazee wake aliyemwambia, "Mwanangu, mwambie mganga aivae yeye kwanza, tumjaribu"?

Kafara ya bahari

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuko, wakafa watu 272. Ilikuwa chombo cha abiria wapatao 300, nacho kilikuwa kimepakia takribani 400. Hizi ndizo hesabu zake.

Katika misiba kama hii hawakosi watu wa kusema kuwa bahari imetaka kafara yake, au kuwa majini wa kivuko wamekasirika. Sisi hatusemi kuwa msemaji wa hayo ana nia mbaya. Pengine ni mfiwa atafutaye maana ya lililompata. Lakini angalieni neno hilo hufanya kazi gani. Likishakubaliwa, hakuna tena wa kuulizwa. Haulizwi aliyekipakia chombo kupita kiasi, haulizwi aliyepasa kukikagua, na watu hawadai feri ya pili. Jini hashitakiwi mahakamani. Basi kila ajali tuliyompa jini tumemwachilia binadamu mzembe, naye kesho atapakia tena.

Kila kitu kiko katika kadari ya Mwenyezi Mungu, na huo ndio msimamo wetu. Lakini kadari haikumwondolea mtu dhamana ya kitendo chake. Aliyemfungulia ngamia kamba kisha akasema "nimetawakali" hakutawakali, amepuuza.

Shaka na kwa wakubwa pia

Tungaliishia hapa, wangalisema wasomaji wetu kuwa Sheikh amewashika waganga na maskini, akawaacha wenye tai. Haki haiwi hivyo. Mwenye kudai ni mwenye kudai, awe mwenye kilemba au mwenye shahada.

Huko Owino Uhuru, karibu na Mikindani, upande wa Changamwe, kilikuwako tangu 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Wakaao hapo ni watu wapatao 3,000, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Watoto waliugua, wanawake walitokwa na mimba, kuku walikufa. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alimwona mtoto wake akiugua kwa maradhi yasiyojulikana, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Hakuridhika na kuambiwa kuwa kiwanda kina vibali. Alitaka damu za watu zipimwe, na udongo upimwe, na matokeo yawekwe mezani. Kiwanda kilifungwa 2014. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikahukumu wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu ikavunjwa katika rufani, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Huyo ndiye mwenye tathabbut. Angaliweza kupita kwa mganga akaambiwa jina la jirani, akamchukia jirani yake maisha, na moshi ukaendelea kutoka. Na angaliweza kuyapokea maneno ya wenye mamlaka akanyamaza. Alikataa njia zote mbili akataka kipimo.

Wenye kupinga na majibu yao

Atasema msemaji: "Majini na sihiri vimetajwa katika Kurani, je, wewe wavikanusha?" Twamjibu: hatuvikanushi. Lakini kuwako kwa kitu si dalili kuwa ndicho kilichotenda jambo hili, kwa mkono wa mtu huyu, siku hii. Wezi wako duniani, na hilo halimfanyi jirani yako kuwa mwizi. Kila dai lataka bayana yake lenyewe.

Atasema mwingine: "Watu wote wayasema." Twamwuliza: wote waliona, au wote walisikia? Watu mia waliosikia kwa mmoja ni shahidi mmoja mwenye mwangwi mia.

Atasema wa tatu: "Haya ni ya wazee wetu, nasi hatuwezi kuwakadhibisha." Twasema: kuwaheshimu wazee ni wajibu, nasi twawabusu mikono. Lakini wazee wetu hao ndio waliotufundisha kuuliza sanadi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwaandikia watu wa mji wake juu ya mazoea yao wasiyopenda kuguswa, naye alikuwa mwana wa mji huo huo, mpenzi wa wazee wake.

Na atasema wa nne: "Ukiwafungulia vijana mlango wa shaka, kesho wataitilia shaka dini." Hofu hii twaifahamu. Lakini Imam Ghazali, katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, ameonya kuwa mtu apingaye hesabu za kupatwa kwa jua kwa kudhani kuwa ainusuru dini, ameidhuru. Kwani mwenye kuzijua hesabu hizo hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Kijana humwacha sheikh siku atakapogundua kuwa sheikh alimfunga kwa uongo. Hamwachi kwa kuwa alimfundisha kuuliza.

Masharti yake

Tumesema mwanzo kuwa shaka ina masharti. La kwanza, mtu aanze na nafsi yake. Ayatilie shaka yale ayapendayo kabla ya ayapendayo mwenziwe, kama tulivyoona katika habari ya Ibrahim. La pili, asiigeuze kuwa dharau. Mfiwa anayesema maneno ya huzuni hakuja kwenye mjadala, na kumvunja mbele ya watu si elimu. La tatu, asiposhinda kujua, aseme "sijui." Imam Malik aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka safari ya mbali, akayajibu machache, na kwa mengi akasema hajui, wala hakupungukiwa na heshima. Kutojua kunakokiriwa ni salama kuliko yakini ya kubuni.

Na la nne, uzito wa ushahidi ufuate uzito wa dai na uzito wa madhara yake. Jirani akikwambia kuwa samaki wa leo ni rahisi, nenda nao. Ukikosea umepoteza hatua chache. Akikwambia acha dawa, toa akiba yako, mchukie fulani, shika panga, hapo mzuie, umwulize: Umesikia kwa nani? Naye alikuwapo? Yuko anayefaidika nikiliamini? Walioshindwa wamehesabiwa? Na lau lingalikuwa si kweli, ningalijuaje?

Ndugu zetu, ulimi ukitoa neno haulirudishi, na kidole siku hizi kimekuwa ulimi wa pili. Mzee mmoja aliyekaa peke yake nyuma ya minazi usiku wa leo, usalama wake haupo katika mlango wake wa mbao; upo katika mtu mmoja wa barazani atakayethubutu kuuliza, "Bayana iko wapi?" Basi kila mmoja wetu na awe mtu huyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuoneshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Amin.